Kidole Ndani ya Kinu

Jumatatu, 3 Machi

Sijamwambia mtu yeyote jambo hili, hata Mama: ninajichubua.

Nina kopo dogo jeupe lisilo na maandishi, nimelificha ndani ya soksi ya shule ambayo siihitaji tena. Kila asubuhi nikishaoga napaka uso, shingo na mikono. Nilianza baada ya ile picha ya kumaliza shule. Tulipangwa kwenye ngazi, na picha ilipotumwa kwenye kundi la darasa mmoja wetu akaandika, "Huyo wa nyuma ni nani, au ni kivuli cha mlango?" Wote walicheka. Mimi pia niliweka alama ya kucheka, nisionekane nimekasirika. Krimu niliipata kwa msusi wa mtaani kwetu. Alinionya kwamba vifundo vya vidole huchelewa kung'aa, nivisugue zaidi, la sivyo vitanisema.

Leo nimeanza kazi kwenye maabara ya Shangazi. Ni dada mkubwa wa Baba, mtaalamu wa miamba, na hapendi kumwona mtu amekaa tu akisubiri matokeo ya mtihani. Kazi yangu ni kusaga mawe yawe unga. Kabla sijashika chochote amenisimamisha mlangoni.

"Pete, hereni, rangi ya kucha, manukato, mafuta ya kupaka, vyote vinabaki nyumbani. Umepaka chochote leo?"

"Hapana, Shangazi."

Nilikuwa sijamaliza hata dakika kumi kazini.

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Nimesaga kutwa. Mabega yanauma.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeelewa ninachosaga. Mawe yetu yamekatwa kwenye ukingo wa korongo, kipande juu ya kipande, na yamewekwa kwenye masanduku kwa mpangilio uleule. Zamani mno, kabla ya dinosau, yalikuwa tope la chini ya bahari. Shangazi alichukua kipande cha chini akanipa kioo cha kukuza. Kulikuwa na magamba madogo kama kucha za mtoto, yamejipanga vizuri. Kipande kilichofuata, magamba tena. Kilichofuata, machache. Halafu likaja tabaka jembamba jeusi, na baada yake jiwe tupu.

"Na juu ya hapa?" nikauliza.

"Juu ya hapa hakuna mtu," alisema Shangazi, kama anayeeleza nyumba iliyohamwa.

Karibu kila kitu kilichoishi baharini kilikufa. Yeye anaamini ni volkano, tena si mlima mmoja uliolipuka siku moja, bali ardhi iliyopasuka na kumwaga moto kwa muda mrefu kuliko watu tulivyokuwepo duniani. Volkano hutoa zebaki. Zebaki hupanda hewani, huzunguka dunia nzima, hushuka na mvua, hunaswa kwenye tope. Tope likawa jiwe, jiwe liko mezani kwangu. Tukikuta zebaki nyingi palepale magamba yanapoisha, basi volkano ilikuwepo siku ya msiba.

Sijawahi kusikia mtu akisema jambo kubwa namna hiyo kwa sauti ndogo namna hiyo.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi wa mashine ananitisha kidogo. Anaongea na kila kitu. Mashine ya kupima zebaki anaiita Bi Mkubwa, mimi ananiita Bi Kimya.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Bi Kimya. Umesema maneno mawili leo, yahifadhi, usiyamalize."

Leo nilipewa tabaka jeusi lenyewe. Shangazi aliniletea mkononi kama yai. "Hili ni jembamba, mwanangu. Sitaki punje ipotee."

Glavu zilizobaki ni za ukubwa wa Fundi. Zinateleza, na ncha tupu za vidole vya glavu zilikuwa zinaburura unga. Kinu chetu ni cha jiwe la akiki, laini kama kikombe cha kauri, na unga wa mwisho huganda pembeni na brashi haiuondoi. Nilivua glavu ya kulia, nikaukusanya kwa kidole. Nilikizungusha kidole taratibu mpaka kinu kikabaki kinang'aa. Kwenye matabaka mengine nilifanya hivyo mara mojamoja tu, nikikumbuka. Kwa hili nilifanya kila mara. Nilijisikia mtu anayefaa.

Alhamisi, 13 Machi

Mama kaniambia nimenawiri tangu nianze kazi. "Kazi inakupenda," kasema.

Jumanne, 18 Machi

Fundi aliweka unga wetu kwenye trei ndogondogo, Bi Mkubwa akazimeza moja baada ya nyingine. Huuchoma unga, zebaki yake hugeuka hewa, hunaswa na dhahabu kidogo iliyomo ndani, kisha huhesabiwa. Kwenye kioo kuna mstari. Ulikwenda chini chini, ukapanda kidogo, ukashuka, chini tena. Kisha likaja tabaka jeusi na mstari ukapaa mpaka Fundi akalazimika kubadilisha kipimo ili uenee.

Shangazi alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Alikitua bila kutazama meza. Kilianguka, na hakugeuka.

"Rudia," alisema.

Fundi akarudia. Ukapaa tena.

"Miaka yote hii," alisema Shangazi, akakaa kwenye kiti cha Fundi. Alinivuta begani akanikumbatia, mimi ambaye hata sikukuu hunipa mkono. "Na wewe umelisaga vizuri."

Jumatano, 19 Machi

Leo maabara ilijaa watu waliokuja kuona mstari. Mkuu wa idara alikuja amevaa tai. Shangazi atausoma mbele ya idara nzima mwisho wa Mei, kisha ataupeleka kwenye jarida.

Wageni walipoondoka, mmoja wa wanafunzi waliobaki alimwuliza Fundi kwa nini maabara hii ina masharti kama chumba cha upasuaji.

"Kwa sababu Bi Mkubwa ana pua," alisema Fundi. "Betri, taa ya mirija, kipimajoto cha kizamani, ananusa vyote. Wale wanaojichubua ndio kabisa. Krimu za sokoni zina zebaki, mtu akipita nayo hapo mlangoni Bi Mkubwa anapiga chafya wiki nzima."

Walicheka. Mimi nilikuwa naosha kinu. Niliendelea kukiosha baada ya kuwa safi, kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Labda krimu yangu si ya aina hiyo. Kopo halina maandishi, kwa hiyo halijasema kuwa ina zebaki.

Jumamosi, 22 Machi

Nilikwenda kwa msusi nikamwuliza ina nini. "Ina uzuri," kasema, akaendelea kusuka.

Jumanne, 25 Machi

Nimeacha kupaka. Siku tatu.

Alhamisi, 27 Machi

Shangazi si mtu wa kusherehekea muda mrefu. Leo ameagiza unga uleule wa tabaka jeusi upimwe upya, trei kadhaa kutoka chupa ileile. Trei ya kwanza mlima. Ya pili nusu yake. Ya tatu ikapita zote. Jiwe lililosagwa vizuri haliwezi kusema maneno matatu tofauti.

"Fundi, trei zako unaziunguza zitakate kabla ya kutumia?" aliuliza.

"Daktari, naziunguza. Kila siku."

"Basi kwa nini zinatofautiana?"

"Mimi nitajuaje? Mimi napima kinacholetwa."

"Kinacholetwa kinasagwa hapahapa, mbele ya macho yangu."

Fundi alinitazama, si kwa kunishuku, alitaka tu mtu mwingine chumbani aone anavyoonewa. Nikainamia kinu changu.

Jumatatu, 31 Machi

Nimepaka tena. Mama aliniuliza kama naumwa, akasema uso umepauka. Nilipaka uso tu. Halafu vifundo pia.

Sasa kazini navaa glavu mbili mbili, lakini matabaka yaliyobaki ni ya juu, yale matupu. Nimekuwa mwangalifu penye kitu kisicho na maana.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Sijasema.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Sijasema. Fundi ameleta sabuni yake mwenyewe ya kuoshea trei kutoka nyumbani.

Jumatatu, 7 Aprili

Mkuu wa idara amemwambia Fundi, mlango ukiwa wazi, kwamba kandarasi yake inaisha mwezi wa tano na hataiongeza ikiwa "uchafu huu" utaendelea. Fundi alitoka akaingia kwenye chumba cha mashine, akakaa bila kuongea na Bi Mkubwa. Sikujua kimya chake ni kizito hivyo. Mimi ndiye naitwa Kimya, lakini changu ni cha kujificha tu.

Nilimpelekea chai. Nilikuwa nimejipangia kumwambia. Alisema, "Asante, mdogo wangu. Wewe peke yako hapa huniangalii kama mwizi." Nikarudi na sinia mkononi.

Jumanne, 8 Aprili

Korongo limeporomoka. Dereva wa taasisi kaleta picha. Ule ukingo tulipokata mawe umekuwa rundo la tope jekundu, na barabara imekatika. Shangazi aliiangalia picha muda mrefu. Hatutapata mawe mengine. Kilichobaki ni vipande vya akiba sandukuni, na cha tabaka jeusi ni kama ncha ya kidole gumba.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Sijasema.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimesema.

Asubuhi Shangazi alikuwa stoo ya mawe, amechuchumaa mbele ya masanduku, akihesabu akiba. Nilisimama nyuma yake mpaka akahisi.

"Unanizibia taa."

"Shangazi, si Fundi."

"Si Fundi nini?"

"Zebaki. Ni yangu. Ninapaka krimu. Sikutumia brashi, nilitumia kidole, ulisema punje isipotee, na glavu zilikuwa kubwa, kwa hiyo tabaka jeusi ndilo nililolishika zaidi kuliko yote."

Nilisema yote kwa pumzi moja kwa sababu nilijua nikimeza mate sitaendelea.

Hakufoka. Aliinuka, magoti yakalia, akanishika mkono akaupeleka dirishani kwenye mwanga kama anavyofanya na jiwe. Aliugeuza. Aliangalia vifundo.

"Tangu lini?"

"Tangu picha."

"Picha gani?"

Nikamweleza picha, ngazi, na kivuli cha mlango. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea aseme mimi ni mzuri nilivyo, kama watu wazima wanavyosema, na nilikuwa tayari kutomwamini. Hakusema hivyo. Alisema, "Wewe ndiwe uliyefanana na mimi kuliko watoto wote wa ukoo. Nilidhani unajua ni jambo la kunifurahisha."

Afadhali angenipiga.

Kisha akawa mtaalamu tena. Alichukua chupa ya mchanga mweupe uliooshwa kwa asidi, ambao hauna kitu chochote ndani yake. "Saga. Kama ulivyosaga siku ile."

"Kwa kidole?"

"Kwa kidole."

Nikasaga. Akampelekea Fundi bila kumwambia ni nini. Tulisimama nyuma yake wote wawili. Bi Mkubwa alimeza trei, akanguruma, na mstari ukapaa hadi nje ya kioo. Kengele ikalia.

"Nani kamlisha huyu kipimajoto kizima?" alisema Fundi. "Hii ni nini, Daktari?"

"Mchanga mtupu."

Alimtazama Shangazi, kisha mimi, kisha mikono yangu. Shangazi alirudi nyuma hatua moja. Nilielewa ananiachia.

"Fundi, ni krimu yangu," nikasema. "Nilijua ulipotukanwa na sikusema. Naomba unisamehe."

Alizima kengele. Alichukua muda mrefu kuizima kuliko inavyohitaji.

"Nimeosha trei zile mpaka kucha zikawa laini," alisema. "Nikamwambia mke wangu labda nimezeeka, labda nasahau. Unajua mtu anavyojisikia akianza kujishuku?"

"Najua."

"Hujui. Wewe ulikuwa unajua ni nani." Akashusha pumzi. "Leo niache, mdogo wangu. Njoo Jumatatu."

Shangazi alimwambia, "Mimi ndiye niliyekushuku kwanza. Msamaha huo nadaiwa mimi kabla yake." Kisha akanipeleka hospitali nikapimwe mkojo, kopo nikalikabidhi. Njia nzima hakuwasha redio.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilikwenda. Fundi alikuwa anafuta kioo cha mashine. "Shikamoo." Akaitikia, basi. Hakuniita Bi Kimya.

Ijumaa, 18 Aprili

Daktari wa hospitali anasema imeingia mwilini lakini itatoka, nisiguse tena kitu kama hicho. Mama tulimwambia ni vumbi la maabara. Huo ni uongo mwingine, na niliuomba mimi.

Alhamisi, 24 Aprili

Tunaanza upya. Siruhusiwi kugusa jiwe wala kinu, ngozi yangu bado inatoa zebaki. Fundi anakata akiba kwa msumeno, Shangazi anasaga mwenyewe, mimi nimekaa kwenye kiti karibu na mlango nasoma namba za masanduku kwa sauti. Kazi ya kuongea, nimepewa mimi.

"Paza sauti," anasema Fundi. "Mawe yana umri mkubwa, hayasikii."

Nilitaka kulia kwa furaha kwa sababu lilikuwa tusi la kawaida.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Namba.

Jumatatu, 5 Mei

Shangazi anasaga polepole. Nimegundua hutoa ulimi kidogo pembeni akifika kwenye unga wa mwisho, na hutumia brashi ya manyoya, mara mia, bila kuchoka. Nilidhani ni mkali. Kumbe anaogopa, kama mimi, ila yeye hofu yake huifanyia kazi.

Nikamwuliza, na kama mstari ukiwa umelala?

"Basi umelala. Nitasimama mbele yao niseme umelala."

"Na miaka yote hii?"

"Miaka ilikuwa ya kuuliza. Hakuna aliyeniahidi jibu."

Jumatano, 14 Mei

Tabaka jeusi lilipimwa leo. Fundi aliziunguza trei mbele yetu mara mbili. "Msije mkasema."

Mstari ulikwenda chini, chini, ukafika, ukapanda. Si ule mlima. Ulipanda kama kilima ambacho mtu angekipita akiongea bila kuhema. Trei ya pili, kilima kilekile. Ya tatu, kilekile. Matabaka ya jirani, chini.

"Kipo," alisema Fundi.

Shangazi aligusa kioo pale mstari ulipoinuka. "Kidogo," alisema, "lakini kinarudia."

Volkano ilikuwepo. Ila mimi nilikuwa nimeipigia kelele mpaka sauti yake ikapotea.

Ijumaa, 16 Mei

Fundi kaniita Bi Kimya.

Alhamisi, 29 Mei

Leo Shangazi alisoma mbele ya idara. Nilikaa safu ya mwisho karibu na Fundi. Mvua imekwisha, madirisha yalikuwa wazi.

Alianza kwa kuonyesha mstari wa kwanza, ule mlima waliousifia wote mwezi wa tatu. Akasema, "Huu si wa kweli." Akaweka mstari wa pili juu yake, kilima kidogo chini ya mlima. Akaeleza mchanga mtupu, kengele, unga uliochafuliwa wakati wa kusagwa. Akasema, bila kuharakisha, kwamba Fundi hakuwa na kosa lolote, na kwamba yeye, Daktari, alimshuku mbele za watu na anamwomba radhi mbele za watu. Fundi aliangalia viatu vyake.

Mkuu wa idara akainua kalamu. "Ulichafuliwa na nini hasa?"

"Krimu ya ngozi yenye zebaki."

"Ya kujichubua?"

"Ndiyo."

"Ya nani?"

Nilikuwa nimelitegemea swali hilo wiki nzima na nilikuwa na jibu. Niliweka mikono juu ya kiti cha mbele ili nisimame. Watu walikuwa wengi, wengine wa umri wangu, wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mmoja alikuwa tayari anatabasamu. Miguu ilikuwa yangu lakini haikuja.

"Yangu," alisema Shangazi.

Kulikuwa na kicheko kidogo upande wa kushoto. Mtu akanong'ona, "Daktari naye?"

Alisikia. "Daktari naye," alisema. "Kuna swali kuhusu volkano?"

Nilikuwa bado na nafasi. Swali la pili liliulizwa, likajibiwa. La tatu. Ningeweza kusimama wakati wowote kati ya hayo. Fundi hakunitazama hata mara moja, na nilijua anafanya hivyo makusudi.

Baadaye nilimkuta Shangazi kwenye korido akikunja nyaya.

"Kwa nini umesema ni yako?"

"Wangeacha kutazama mstari, wakatazama mikono yako."

"Nitawaambia. Naenda sasa hivi kwa Mkuu."

"Ukimwambia, nitakuwa nimesema uongo kwenye mkutano wa kusahihisha kosa. Atauliza na kilima kile kama nimekichora mwenyewe." Aliweka waya kwenye mkoba. "Wewe ulikuja stoo bila kuitwa. Hilo linanitosha. Watanicheka wiki moja, mimi nimeshachekwa kwa mambo makubwa zaidi."

"Fundi anajua."

Fundi alikuwa anapita na kiti kichwani. "Fundi hasikii," alisema. "Fundi amekaa na mashine miaka mingi, masikio yamekwisha."

Jumatano, 11 Juni

Kandarasi ya Fundi imeongezwa. Makala ya Shangazi imeondoka leo kwenda kwenye jarida. Alinipa niisome kabla, nitafute makosa ya uchapaji. Sehemu inayoeleza namna ya kusaga, kuna sentensi inasema unga wa awali ulichafuliwa na krimu ya ngozi iliyotumiwa na mwandishi.

Niliisoma mara nyingi. Nilikuwa na kalamu mkononi. Kilima ni kweli, magamba ni kweli, namba ya kila jiwe niliisoma kwa sauti yangu mwenyewe. Katika makala nzima hiyo ndiyo sentensi pekee isiyo ya kweli, imeandikwa na mtu asiyevumilia namba iliyokosewa, na aliiandika kwa ajili yangu. Nilisahihisha herufi mbili kwenye ukurasa mwingine, nikamrudishia. Akasema, "Hakuna kingine?" Nikasema, "Hapana, Shangazi."

Wewe uliyesoma mpaka hapa sasa unajua mikono ilikuwa ya nani. Nakuomba usimwambie mtu. Sikuombi kwa ajili ya aibu yangu, hiyo nimeizoea. Wakijua kuwa sentensi ile ni uongo watazishuku na zile nyingine zote, na zile nyingine ni kweli, nilikuwepo zilipopimwa. Nyamaza nami.